Papai la Mama Waringa

Kwa wiki ya pili sasa, Nthenya aliamshwa na randa ya baba yake badala ya kengele ya shule. Sauti ya randa ilianza uani jua likichomoza na haikukoma mpaka uji uwe tayari. Mulei, baba yake, alikuwa seremala mjini Kibwezi. Tangu soko lifungwe alikuwa amevibeba vifaa vyake vyote na kuvileta nyumbani, na kwa kuwa mikono yake haikuzoea kukaa bure, alitengeneza kila kilichokuwa mbele yake. Alikaza mlango wa choo. Akaunda rafu ya vyombo. Siku moja akakiongezea mguu wa nne kigoda cha jikoni ambacho kwa miaka minane kilikuwa kimesimama vizuri tu kwa mitatu.

Mkewe alipokikalia, kigoda kikayumba. "Baba Nthenya," akasema, "ugonjwa huu usipoondoka upesi utatubomolea nyumba kwa kuitengeneza."

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kipindupindu. Ilikuwa mwezi wa Novemba, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Redio ilisema kwamba ugonjwa huo ulikuwa umezunguka dunia kwa miaka mingi, ukitoka nchi moja na kuingia nyingine, na sasa ulikuwa umefika kwao pamoja na mvua za vuli. Shule zilifungwa, na makanisa pia. Mikutano na matanga vilipigwa marufuku. Barabara ya Mombasa iliwekewa kizuizi, na mabasi yalipita bila kushusha wala kupakia mtu. Kila familia iliamriwa kukaa ndani ya boma lake. Saa moja asubuhi, mtu mmoja tu kutoka kila boma aliruhusiwa kwenda kuteka maji kwenye chemchemi, huku askari akihakikisha kwamba hawakaribiani.

Nthenya alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alikuwa darasa la sita. Mwanzoni alifurahi kukaa nyumbani. Siku ya nne furaha hiyo ilikuwa imekwisha. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na sasa ilionekana kuwa na chumba kimoja. Musembi, mdogo wake wa miaka sita, alimfuata kila alikokwenda akimuuliza maswali. Mama yake alikasirika kwa mambo madogo, kisha akaomba radhi, kisha akakasirika tena. Betri za redio zilianikwa juani kila asubuhi ili zipate nguvu kidogo, na redio iliwashwa wakati wa habari tu. Jumapili walifanya ibada yao mezani, wanne peke yao. Baba aliimba besi kwa nguvu kana kwamba kanisa zima liko nyuma yake.

Upande wa pili wa ua wa miti ya minyaa uliotenganisha maboma aliishi Mama Waringa. Jina lake hasa lilikuwa Nduta. Alikuwa ametoka Murang'a zaidi ya miaka kumi iliyopita pamoja na mumewe Evanson, aliyefanya kazi ya reli. Evanson alifariki, binti yao Waringa akaolewa mbali, lakini mama huyo hakurudi kwao. Alibaki Kibwezi akiuza matunda kwa abiria wa mabasi. Kikamba alikizungumza kwa lafudhi ya kwao, na watoto walipenda kumwiga. Soko lilipofungwa, matunda yake aliyaweka kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na kila mara alipoona moja limeiva sana alimwita Musembi uani na kumpitishia juu ya ua.

Alhamisi ya wiki ile ya pili alipitisha papai kubwa.

"Nimeliosha kwa maji yaliyochemshwa," alimwambia Nthenya. "Na kisu chenu kioshe hivyo hivyo. Umesikia, mami?"

"Nimesikia, Mama Waringa. Asante."

Nthenya alifanya kama alivyoambiwa. Alilikata papai katikati, nusu akampa Musembi na nusu akala yeye, wote wawili wamechuchumaa kando ya ua. Lilikuwa tamu mpaka Musembi akalamba maganda.

Kazi ya Nthenya katika siku hizo ilikuwa moja tu ambayo mama hakukubali mzaha ndani yake, nayo ilikuwa kuchemsha maji ya kunywa. Kila siku alitakiwa kujaza sufuria kubwa, aiteleke mpaka maji yatokote kwa nguvu, ayaache yaendelee kutokota, kisha yapoe ndipo ayatie mtungini. Maji mengine yote yalikuwa ya kufulia na kuogea tu. "Hata ukiwa na kiu ya kufa," mama alisema, "usiguse maji mabichi."

Alhamisi hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku. Maji ya chemchemi yalikuja na rangi kama ya chai ya maziwa, na kuni zote zilikuwa zimelowa. Nthenya alipuliza moto mpaka machozi yakamtoka. Kuni zilitoa moshi, zikawaka kidogo, zikazimika. Akapuliza tena.

Ndipo baba yake alipomwita kutoka ukumbini. Mulei alikuwa ametengeneza ubao wa drafti kwa kipande cha mbao kilichobaki, na kete zilikuwa vifuniko vya soda. Kwa siku saba walikuwa wakishindana, baba na binti, na kwa siku saba Nthenya alikuwa ameshindwa. Asubuhi ile waliacha mchezo katikati, na Nthenya alikuwa amebakiza kete tano dhidi ya tatu za baba yake.

"Unaogopa kumaliza?" baba akauliza.

Nthenya aliutazama moto. Aliingiza kidole kwenye sufuria. Maji yalikuwa vuguvugu. Akajiambia kwamba atacheza kidogo tu, kisha atarudi. Lakini mchezo ule ulikuwa mtamu. Baba alimla kete moja, yeye akamla mbili kwa mkupuo. Musembi alipanda juu ya kigoda kuona vizuri. Mama, aliyekuwa akichuma kunde nyuma ya nyumba, aliita kwa sauti:

"Nthenya! Yale maji umechemsha?"

"Ndiyo, mama," Nthenya akajibu bila kuinua macho.

Alishinda. Baba yake alisimama, akampa mkono kama anavyompa mtu mzima, akasema kwamba kuanzia leo katika boma hili kuna bingwa mpya. Nthenya alirudi jikoni akicheka peke yake. Moto ulikuwa umezimika kabisa. Mama alikuwa akirudi na kikapu cha kunde, na kuuwasha upya kungemaanisha kueleza. Nthenya aliinua sufuria, akayamimina maji yote mtungini na kuufunika. Alijiambia kwamba kesho atachemsha mara mbili.

Kesho yake alisahau.

Jumamosi asubuhi Musembi hakutaka uji. Alisema tumbo linamuuma. Kabla jua halijapanda juu ya miti alikuwa amekwenda chooni mara tano, na mara ya sita hakuweza kufika. Kilichomtoka kilikuwa maji matupu, meupe kama maji ya kuoshea mchele. Kisha akaanza kutapika. Mama alimshika mikono akaiona imekunjamana kama ya mtu aliyefua nguo kutwa nzima, na macho yake yamezama.

"Baba Nthenya, toa baiskeli," alisema kwa sauti ya chini ambayo ilimtisha Nthenya kuliko kama angepiga mayowe.

Baba aliendesha huku amemfunga Musembi mgongoni kwa leso. Mama na Nthenya walikimbia nyuma yake na beseni na nguo. Kwenye kizuizi askari aliwatazama mara moja tu, akainua mti. Hema za wagonjwa zilikuwa zimepigwa kando ya zahanati. Ndani yake kulikuwa na vitanda vilivyokatwa shimo katikati, na kila mahali kulinuka dawa ya kuua viini. Muuguzi mmoja mwenye mabuti ya mpira alimpokea Musembi, akamlaza, akamtia sindano ya maji mkononi. Alipomaliza aliwageukia wazazi.

"Maji ya kunywa mnachemsha?"

"Kila siku," mama akasema. "Binti yangu ndiye anayechemsha." Akamgeukia Nthenya. "Si ulichemsha?"

Watu wazima watatu walikuwa wakimtazama. Nthenya aliona mdomo wa Musembi, mkavu, umepasuka. Alitaka kusema. Aliona pia uso wa baba yake, na mkono wa mama yake juu ya shuka.

"Ndiyo," akasema.

"Basi kuna kitu kingine amekula?" muuguzi akauliza. "Kitu kutoka nje?"

Na hapo Nthenya akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu upesi: "Alikula papai. La Mama Waringa."

Ilikuwa kweli. Papai alikula. Nthenya hakusema kwamba yeye pia alikula nusu, wala kwamba lilioshwa, wala kwamba kisu kilioshwa. Muuguzi aliandika katika daftari lake. "Watu wanne wanaweza kula au kunywa kitu kimoja akaugua mmoja," alisema. "Kwa hiyo msitazame nani hakuugua. Tafuteni kilichoingia nyumbani."

Mama alibaki hemani. Baba na Nthenya walirudi nyumbani. Walipofika, baba alipita moja kwa moja mpaka kwenye ua wa minyaa. Nthenya alikimbilia jikoni. Alimwaga maji ya mtungi wote nyuma ya choo, akausugua kwa majivu, akausuuza, akawasha moto na kuchemsha maji mpaka mvuke ukajaza jiko. Wakati wote huo alisikia baba yake akifoka. Mulei alikuwa mtu mpole, na Nthenya hakuwahi kumsikia akizungumza vile na jirani.

"Mwanangu yuko kule anatundikiwa maji, Mama Waringa. Mwanangu wa pekee wa kiume. Tumekuambia tuna njaa?"

Mama Waringa alijibu kitu kwa sauti ndogo.

"Uliosha, uliosha! Kama uliosha, mbona amelala kule?"

Alasiri Mutiso, naibu wa chifu, alifika na askari wawili wenye majembe. Alikuwa amepata habari kutoka zahanati. Walichimba shimo nyuma ya nyumba ya Mama Waringa, wakatoa mapapai yake, na ndizi, na machungwa, kreti baada ya kreti, wakayatumbukiza yote, wakamwagia dawa, wakafukia. Nthenya alitazama kupitia nafasi ndogo kwenye ua. Mama Waringa hakulia wala hakubishana. Alikuwa amesimama na mikono ndani ya leso yake.

"Nimeyaosha yote kwa maji ya moto," alimwambia Mutiso. "Lakini fukieni. Kama itamsaidia yule mtoto, fukieni."

Kwa kuwa mama hakuwapo, sasa Nthenya ndiye aliyekwenda chemchemini asubuhi. Jumatatu alimkuta Mama Waringa amesimama kwenye foleni na debe lake. Wanawake waliokuwa mbele yake walisogea mbele zaidi, na waliokuwa nyuma walirudi nyuma zaidi, mpaka akabaki peke yake katikati ya njia. Mmoja alisema, si kwa sauti ndogo, kwamba watu wa kuja ndio huleta magonjwa ya kuja. Hakuna aliyemkanya. Askari alimwambia Mama Waringa asubiri, ateke wa mwisho.

Nthenya alipompita akiwa na mtungi wake kichwani, Mama Waringa alimwuliza, "Musembi anaendeleaje, mami?"

Hakukuwa na hasira katika swali hilo. Nthenya alikaza mwendo, na maji yakammwagikia mabegani mpaka nyumbani.

Siku hizo alijifunza kwamba mtu anaweza kukaa katika boma moja na baba yake kutwa nzima na bado awe peke yake. Baba aliacha randa. Alikaa ukumbini akitazama barabara. Ubao wa drafti ulikuwa pale pale, kete zikiwa vile vile zilivyoachwa siku ya ushindi, na Nthenya alizunguka nyuma ya nyumba ili asiuone. Mara mbili alifungua kinywa kusema. Mara ya kwanza baba alikuwa akisali. Mara ya pili hakukuwa na sababu yoyote, aliogopa tu. Alijipa moyo kwamba Musembi atapona, mama atarudi, na jambo lote litasahaulika kwa kuwa mtungi sasa ni safi.

Musembi alipona. Jumatano alasiri mama alirudi naye, amekonda shingo lakini anatembea kwa miguu yake. Baba alimwinua juu, akamshusha, akamwinua tena. Nthenya alimshika mdogo wake mkono na hakutaka kuuachilia. Musembi alikunywa kikombe kizima cha maji, akapumua, kisha akaanza kutembea kuelekea kwenye ua.

"Unakwenda wapi?" baba akauliza.

"Kumsalimia Mama Waringa."

"Rudi hapa. Kuanzia leo huendi kule. Papai la mama yule lilitaka kukuua."

Musembi alisimama, hakuelewa. "Lakini lilikuwa tamu," alisema, akaanza kulia.

Mama alimvuta kwake. Alikuwa amechoka, nguo zake zikinuka dawa ya hemani. Alimtazama Nthenya, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Yule muuguzi alinisifu kwa ajili yako," alisema. "Alisema laiti kila nyumba ingekuwa na msichana wa kuaminika wa kuchemsha maji. Nami nilimshukuru Mungu, mwanangu. Kule hemani, kila nilipoanza kuogopa, nilijiambia angalau nyumbani kuna Nthenya."

Kama angegombezwa, Nthenya angeweza kuvumilia. Sifa ile hakuiweza.

"Mama," alisema, "sikuchemsha."

"Hukuchemsha nini?"

"Alhamisi. Sikuchemsha. Kuni zilikuwa zimelowa, na baba aliniita tukacheza drafti, na uliponiuliza nikasema ndiyo. Niliyamwaga mtungini vile vile. Na papai mimi pia nililikula, nusu kwa nusu. Mama Waringa aliliosha. Hata kisu aliniambia nikioshe." Alikuwa akisema haraka sana sasa, asije akanyamaza. "Si papai. Ni mimi."

Musembi aliacha kulia akawatazama mmoja mmoja. Nthenya alingoja kofi la mama yake, na kwa kweli alilitaka, lakini mama alikaa tu kwenye kigoda kinachoyumba akiwa ameshika kichwa.

Baba ndiye aliyesimama kwanza. Alivaa kofia yake. "Twende," alisema.

"Wapi, baba?"

"Kwa mama wa watu."

Mama Waringa alikuwa ukumbini kwake akikunja nguo na kuziweka ndani ya gunia. Alipowaona hakuinuka, wala hakuwafukuza. Mulei alivua kofia aliyoivaa muda mfupi tu uliopita. Alijaribu kuanza, akashindwa, akamgusa Nthenya begani. Nthenya alisema yote tena kuanzia kuni mpaka muuguzi. Safari hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu aliyekuwa akisikiliza hakuwa mama yake.

Mama Waringa alisikiliza mpaka mwisho huku ameshika gauni lililokunjwa nusu.

"Musembi amepona?" aliuliza.

"Amepona, Mama Waringa."

"Namshukuru Mungu." Alimalizia kukunja gauni lile. "Unajua, nilianza kufikiri labda ni kweli. Nilikaa hapa nikijiuliza, Nduta, ni papai gani hukuliosha vizuri? Siku nne nilijiuliza hivyo. Sikulala."

Mulei alisema, "Mama Waringa, nilikufokea bila kukusikiliza. Mtoto amekosa, lakini mimi ni mtu mzima. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe, Baba Nthenya. Na wewe pia, mami. Lakini wale wa chemchemini hawajui."

"Watajua," Mulei akasema. "Leo."

Mikutano ilikuwa bado marufuku, kwa hiyo walikwenda lango kwa lango. Mabomani kumi na manne walisimama nje, mbali kama ilivyoamriwa, baba akapiga hodi, na wenyewe walipotoka alisema, "Binti yangu ana neno." Kisha akampisha mbele. Nthenya alisema neno lake mara kumi na nne. Kwa mwanamke yule aliyesema juu ya watu wa kuja, alilisema lote, na mwanamke yule akatazama chini akawa anasafisha kucha zake. Kwa Mutiso, naibu wa chifu, baba mwenyewe aliongeza kwamba matunda yale yalifukiwa bure.

"Tulifanya kwa usalama wa wote," Mutiso alijibu. Kisha akasema, "Tungeuliza kwanza. Ni kweli, tungeuliza kwanza."

Kutoka hapo baba alipita zahanati kumweleza muuguzi, ambaye alikata sentensi moja katika daftari lake na kuandika nyingine juu yake. Alimpa dawa ya kuwatosha wote waliokunywa maji ya mtungi ule.

Nthenya alidhani kwamba sasa mambo yatarudi kama zamani. Siku iliyofuata, chemchemini, wanawake wawili walimsalimia Mama Waringa, na mmoja akamsaidia kujitwisha debe. Lakini gunia lile la nguo halikufunguliwa. Wiki iliyofuata ugonjwa ulipopungua na kizuizi kuondolewa, kaka yake Mama Waringa, Gicheru, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo kule Kiboko, alikuja na pikapu ya kuazima. Walipakia kitanda, meza, masufuria na kreti tupu.

Nthenya alivuka upande wa pili akamsaidia kubeba. Walipomaliza alisema, "Mama Waringa, watu wote sasa wanajua ukweli. Mbona unaondoka?"

Mama Waringa alijifuta mikono. "Wanajua, mami, nami nimefurahi wamejua. Ukweli wako niliupokea kwa mikono miwili. Lakini nimekaa hapa zaidi ya miaka kumi. Niliwazika wazee wao, nao wakaja kumzika mume wangu. Kisha siku moja nikasimama kwenye foleni ya maji peke yangu, na hakuna hata mmoja aliyesema, huyu tunamfahamu. Hilo wewe hukulifanya. Walilifanya wao. Wewe uliwafungulia mlango tu."

Alimshika Nthenya shavu kwa mkono wenye harufu ya machungwa iliyobaki kwenye kreti. "Msalimie Musembi," akasema, akapanda pikapu.

Jioni hiyo Nthenya na mama yake walikaa jikoni wakichambua kunde. Shule zingefunguliwa Jumatatu. Upande wa pili wa ua hapakuwa na moshi. Nthenya akauliza jambo ambalo alikuwa amelibeba siku zote hizo.

"Mama, ningekuambia siku ile ile ya Alhamisi, ungenichapa?"

Mama alifikiri. "Ningekuchapa," alisema. "Sitakudanganya. Kwa hasira niliyokuwa nayo wiki ile, ningekuchapa sana. Kisha ningeyamwaga yale maji, tungewasha moto mwingine, na kufikia wakati wa chakula mambo yangekuwa yamekwisha." Alitupa jani la kunde kwenye ungo. "Kuogopa si dhambi, Nthenya. Hata mimi naogopa mambo mengi. Lakini kosa ukilisema likiwa bado lako, unalipa wewe. Ukilificha, linakwenda kutafuta mtu mwingine wa kulipa, na huwezi kumchagua. La kwako lilimpata kwanza mdogo wako, halafu likampata yule mama. Mmoja tumerudishiwa."

Nthenya aliendelea kuchambua mpaka giza likaanza kuingia na hakuweza tena kutofautisha majani mazuri na mabaya. Mama alimchukulia ungo taratibu, akamwambia aende akamlaze Musembi, ambaye tangu jioni alikuwa amesimama kando ya ua wa minyaa akiita jina la jirani yao.